Ng'ombe wa Damu

Jumapili, 22 Novemba 1936

Padri amenipa daftari hili niandike majina ya wanafunzi wa dini na siku walizohudhuria. Kurasa za mbele ni zake. Nimeligeuza chini juu, na huku nyuma nitaandika yangu, maana mtu akikaa machimboni bila kuzungumza na mwenye akili, hata zake humtoka.

Leo nimefundisha habari ya Ukombozi, na nasema bila haya kwamba Padri mwenyewe hajawahi kuifundisha vizuri hivi. Miezi mitatu nimewaambia hawa wachimbaji kwamba Yesu alitulipia, nao wananitazama kama ng'ombe wanavyotazama treni. Leo nikawaambia, "Yesu ni njigu yetu." Macho yakawatoka. Kwetu Usukuma mtu akiuawa, ukoo wa muuaji huwapelekea wafiwa ng'ombe, na hao ng'ombe wa damu ndio njigu. Wakipokelewa, pande mbili hunawa mikono katika bakuli moja, na kisasi hufa hapo.

Bujiku, kijana wa Ngokolo, akainua mkono. "Mwalimu, njigu hulipwa na upande wa muuaji. Aliyeuawa ni mwana wa Mungu, na waliomuua ni watu. Imekuwaje tena aliyefiwa ndiye alipe?"

Darasa zima likacheka. Nikadhani ananicheza shere. Nikamchapa fimbo tatu za mgongo na kumwambia akae chini. Alikaa, lakini alikuwa bado anafikiri.

Ijumaa, 27 Novemba

Mvua kutwa. Wamekuja darasani watu watatu tu.

Alhamisi, 3 Desemba

Mdogo wangu Nkwabi amenunua sururu mpya, na mpini amechonga mwenyewe. Anautembeza kambini kama bwana harusi. Nilimtoa Ibadakuli mwaka jana nikamtafutia kazi kwa nyapara Salehe, ili nimwone kwa macho na asiuze ng'ombe wa marehemu baba kwa ajili ya pombe. Alibatizwa mtoto, jina lake Filipo, lakini ukimwita hivyo haitiki.

Ng'ombe hao nina kazi nao. Baba wa mchumba wangu Scolastika anataka mahari kabla ya Pasaka, naye Scolastika anasoma na kuandika kuliko mimi. Sitapata mwingine.

Jumamosi, 12 Desemba

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Saa nne asubuhi nilikuwa nasahihisha mbao za wanafunzi. Salehe akaja mbio, kofia mkononi, nami sijawahi kumwona bila kofia kichwani. "Mwalimu, njoo. Ndugu yako ameharibu."

Shimo namba mbili lina ngazi ya magogo, kina cha watu saba. Nilishuka. Chini kulikuwa na karabai moja inawaka na nyingine imepasuka. Ngassa, mdogo wake Bujiku, alikuwa amelala kifudifudi kwenye kifusi, na kisogo chake kilikuwa kimebonyea ndani. Damu ilikuwa imechanganyika na maji ya mwamba ikatufikia kwenye vifundo vya miguu. Nkwabi alikuwa amekaa ukutani, mpini magotini, sururu yenyewe imechomoka.

"Aliutumia bila kuniuliza," akasema. "Akautia ufa. Nikamwambia, akacheka."

Kwa ajili ya ufa wa mpini. Nilimpiga kofi hata kichwa chake kikagonga jiwe, naye hakujikinga. Nikaona ameshikilia mpini ule kama mtoto anavyoshikilia nguo ya mama yake, ikabidi niunyofoe kidole kwa kidole.

Tulimpandisha Ngassa kwa kamba. Alipofika juu Bujiku alikuwa pale. Hakulia. Alimshika mdogo wake kichwa akajaribu kuurudisha mfupa mahali pake kwa vidole, polepole, mpaka Salehe akamwondoa.

Mzungu wa mgodi akauliza mara moja tu. Salehe akasema mwamba umeanguka. Mzungu akaandika mwamba umeanguka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikanyamaza.

Jumapili, 13 Desemba

Tumezika. Mvua iliingia kaburini kabla ya maiti. Mpini nimeuficha nyuma ya mlango wa darasa.

Jumapili, 20 Desemba

Baada ya sala amekuja Mzee Maduhu, aliyetumwa na mama wa marehemu, Mbuke, kutoka Ngokolo. Ametembea siku sita katika tope. Nilimpa kigoda, akakaa katikati ya wanafunzi wangu, Bujiku akiwamo, na wote wanajua kilichotokea shimoni.

"Mwalimu," akasema, "mmeua. Sisi tumetulia, hatukupeleka neno bomani, maana bomani watamnyonga wa kwenu, na Ngassa hatarudi. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yenu. Toeni njigu, tunawe mikono, yaishe."

"Ngapi?"

Akataja. Ni zizi letu lote, wakibaki ndama wawili.

Nikainuka. Sasa, nikiwa peke yangu na daftari, naweza kusema kwamba nilimwona Scolastika akiondoka na zizi lile. Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa dini tupu. Nikasema njigu ni mambo ya kipagani na Mkristo hanawi katika bakuli la mizimu. Nikasema, "Ng'ombe hawaondoi damu, mzee. Dhambi ya damu haiondoki ila kwa damu!" Nilipiga meza. Nilikuwa na sauti nzuri leo.

Nilimaanisha damu ya Msalabani. Sikutaja Msalaba kwa sababu niliona kila mtu pale anajua.

Mzee Maduhu alinitazama sana. "Basi nimpelekee Mbuke neno hilo?"

"Mpelekee."

Bujiku alikuwa ameniangalia muda wote, mdomo wazi kidogo, kama siku ile ya fimbo tatu. Wakati wa kutoka aliniamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikafurahi kwamba ameelewa.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Nkwabi hakuja kanisani.

Jumapili, 10 Januari 1937

Nkwabi halali. Hupiga kelele hata mchana akisinzia. Leo alinijia amelowa, akapiga magoti mbele yangu kana kwamba mimi ni padri. "Kaka, nataka kuungama. Padri anakuja lini?"

Nikamuuliza anajua Padri atamwambia nini. Hajui. Mimi najua. Atamwambia hakuna maondoleo bila malipizi, na malipizi ni kumrudishia mama wa watu kitu, na kitu chenyewe kiko Ibadakuli kinakula majani. Au atamwambia akajitoe bomani, wamning'inize.

Nikamwambia, "Ngoja Pasaka. Pasaka watu huungama wengi, hutatazamwa."

"Nikifa kabla?"

"Hufi. Una miaka ishirini na miwili."

Akaenda zake. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa vijiji vitatu kwamba anayekufa na dhambi ya mauti hutengwa na uso wa Mungu milele, wala hakuna daraja la kumrudisha. Usiku nilisali rozari nzima nikiwa sijui ninachosema.

Jumatano, 10 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri alifika kwa punda, maji ya mto yakimfika punda tumboni. Aliwapaka majivu watu arobaini, kisha akakaa kuungamisha. Nkwabi alikuwa kwenye mstari, wa nne. Nilimwendea nikamshika mkono nikamtoa, nikamwambia Padri amechoka. Alinifuata bila ubishi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba hakubisha.

Padri alinisifu kwa neno langu la njigu. Amesema atawaandikia wenzake walitumie.

Jumapili, 7 Machi

Mvua haikatiki. Shimo namba tatu limejaa maji, ng'ombe wa mzungu wawili wamesombwa mtoni.

Nimewauliza wakatekumeni, hawa wanaongoja ubatizo, maswali ya mwisho. Wa kwanza kwa kujibu ni Bujiku. "Ubatizo huondoa dhambi gani?" Akajibu, "Huondoa dhambi ya asili na dhambi zote mtu alizotenda kabla ya kubatizwa, hata iwe kubwa namna gani."

"Hata kuua?" akauliza mmoja.

"Hata kuua," nikasema. "Mtu hutoka kwenye maji mweupe kama aliyezaliwa leo."

Bujiku akauliza siku ya ubatizo wao. Nikamwambia Jumamosi Kuu, tarehe ishirini na saba. Akahesabu kwa vidole.

Jumapili, 21 Machi

Matawi. Mto umefurika. Salehe anasema Padri hatavuka wiki hii.

Jumatano, 24 Machi

Wamemuua ndugu yangu.

Naandika kama nitakavyosimulia siku ya hukumu, bila kupunguza.

Ilikuwa asubuhi, wanaponda mawe kwenye uwanja wa kinu, mvua ndogo. Bujiku alitoka katika mstari na nyundo kubwa, ile ya ratili kumi na sita. Wanasema hakukimbia. Alikwenda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua maji. Nkwabi alimwona, akaangusha karai, akainua mikono. Pigo la kwanza lilivunja mkono na taya pamoja. La pili lilimkuta chini. Watu hamsini walikuwepo na hakuna aliyemshika, kwa sababu hakuna asiyejua lilikotoka. Salehe peke yake ndiye aliyepiga kelele. Nkwabi alijaribu kusema, kinywa hakikufunga. Bujiku akainama kama anayesikiliza. Kisha akampiga la tatu.

Sikuwepo. Nilikuwa darasani nafuta ubao. Nikasikia kelele, na kabla sijafika mlangoni Bujiku akaingia. Alikuwa ameosha mikono, lakini usoni na kifuani alikuwa na damu na vipande vyeupe nisivyotaka kuvitaja. Alisimama mbele ya meza kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Ile ya Ngassa. Ulisema ng'ombe hawaondoi, ila damu. Mama alitaka kupokea ng'ombe, nikamwambia Mwalimu amekataza. Sasa imeondoka. Na Jumamosi mtanibatiza, hii yangu nayo iondoke." Alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Samahani kwa kuwa ni ndugu yako. Sikuwa na mwingine."

Nyuma ya mlango mpini ulikuwepo.

Nilimpiga la kwanza begani nikasikia mfupa. Hakuinua mkono. Alisema, "Mwalimu," mara moja, kwa mshangao, kama ule wa siku nilipomchapa kwa swali lake. Hilo likanitia wazimu. Nilimpiga mbavuni, nikampiga tumboni alipojikunja, nikampiga mgongoni alipoanguka juu ya mbao za wanafunzi. Mpini ukakatika pale pale penye ufa wa Ngassa. Nikaendelea na kipande. Nilikuwa nasikia mtu analia kwa sauti mbaya ya mnyama, na nilipochoka ndipo nikajua ni mimi.

Salehe ndiye aliyenikumbatia kwa nyuma. "Basi, Mwalimu. Basi. Wewe ni mtu wa Mungu."

Nilimuuma mkono.

Alhamisi, 25 Machi

Nimemzika Nkwabi karibu na Ngassa, kwa sababu pengine pote ni maji. Nilisoma sala mwenyewe. Nilipofika penye maneno ya raha ya milele niliyaruka. Nimpe raha gani, nami nilimtoa kwenye mstari kwa mkono wangu?

Alikuwa wa nne. Wangeisha watatu, naye angeingia.

Bujiku hajafa. Wamemlaza darasani kwenye mkeka. Anatema damu, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Ameomba abatizwe. Mwalimu wa dini haruhusiwi kubatiza ila mtu aliye katika hatari ya kufa. Yumo katika hatari, na mimi ndiye niliyemtia humo.

Sikumpa.

Ijumaa Kuu, 26 Machi

Nilisimama mbele ya Msalaba wa mti tulioutengeneza mwaka jana. Watu wakanisubiri nifundishe. Nikawaambia waende nyumbani.

Ameomba tena. Sikumpa.

Nitaandika sababu, maana nikiificha hata hapa nitakuwa nimekwisha. Nikimmwagia maji kichwani na kutamka yale maneno machache, Bujiku anaingia mbinguni leo hii, mweupe kama aliyezaliwa leo. Na Nkwabi, kwa mafundisho yangu mwenyewe, yuko motoni. Muuaji aliyechelewa kubatizwa anaketi na Mungu, na muuaji aliyetaka kuungama anatengwa milele kwa sababu kaka yake alipenda ng'ombe. Siwezi kuufungua mlango ule kwa mkono huu.

Basi wakae wote nje. Ndivyo nilivyosema, kwa sauti, kanisani, peke yangu.

Jumamosi Kuu, 27 Machi

Ndiyo siku yao. Wenzake wamekuja wamevaa nguo nyeupe, tope hadi magotini. Hakuna Padri. Wakakaa, wakaondoka. Bujiku aliwasikia. Akaniita.

"Mwalimu, ni leo?"

"Padri hakuvuka."

"Lakini wewe unayo ruhusa, mtu akiwa anakufa. Ulitufundisha. Maji yoyote safi, hata ya mvua."

Mvua ilikuwa inapiga bati juu ya vichwa vyetu hata ikabidi aseme mara mbili. Nikatoka nje nikakaa chini ya mchirizi wa paa nikalowa.

Sikumpa.

Pasaka, 28 Machi

Ameomba mara saba. Sikumpa.

Jumatatu, 29 Machi

Asubuhi mvua ilikatika. Darasa lilikuwa linanuka. Nilimgeuza nimsafishe, maana hakuna mwingine aliyetaka kumgusa, na wachimbaji wananiogopa sasa kuliko wanavyomwogopa mzungu. Alikuwa mwepesi. Mgongoni, juu ya yale niliyomfanya Jumatano, niliona makovu matatu membamba ya fimbo ya Novemba.

Nikamuuliza kama tunavyotakiwa kuuliza, "Unajuta dhambi zako?"

Alifikiri. Bujiku hakuwahi kujibu bila kufikiri. "Nilidhani nikimaliza, moyo utatulia. Haukutulia. Alilia kama Ngassa alivyokuwa akilia utotoni. Hilo najuta."

"Alisema nini? Wanasema aliongea nawe ukainama kumsikiliza."

"Alisema ngoja."

"Ngoja nini?"

"Ngoja nikaungame kwanza." Akafumba macho. "Mimi nikadhani anatafuta njia ya kukimbia."

Nimefundisha mara ngapi kwamba mtu akijuta kwa moyo wote na kutaka kuungama, lakini kifo kikamwahi kabla ya padri, Mungu humpokea? Liko katika somo la kumi na nane. Wanafunzi hulikariri kama wimbo. Nimelifundisha na sikulikumbuka kwa ndugu yangu, kwa sababu moyoni nilikwisha kumfungia mimi mwenyewe.

Na hata sasa sijui. Bujiku alikuwa anataka maji siku tano. Mtu anayetaka maji namna ile anaweza kusema lolote. Nilimtazama sana usoni nikitafuta uongo, nikaona kijana anayekufa.

Nikachukua kata, nikakinga maji ya mwisho yaliyokuwa yakidondoka penye bati.

"Jina gani?" nikamuuliza.

"Nipe wewe."

Nikasema, "Filipo," lile jina ambalo ndugu yangu hakuliitikia, na nikammwagia.

Alikufa saa nane mchana. Nilimzika katikati ya wale wawili.

Jumapili, 4 Aprili

Mto umeshuka, Padri amevuka, na mpelelezi wa serikali hakuja naye wala hatakuja. Katika kitabu cha mgodi mzungu ameandika kwamba mwamba umeanguka tena, wamekufa wawili. Salehe alinieleza huku akifunga kitambaa mkononi, pale nilipomuuma. "Umepona, Mwalimu. Nyamaza tu, kama tulivyonyamaza ya kwanza."

Nilimweleza Padri yote, ya ng'ombe, ya mstari, ya mpini, ya siku tano. Hakupaza sauti. Alinivua msalaba shingoni akautia mfukoni, akasema kazi ya ualimu imekwisha na mezani kwa Bwana nisikaribie mpaka nitengeneze nilichoharibu.

Kisha akaniuliza, "Lile neno njigu, uliwaeleza vizuri?"

"Niliwaeleza vizuri, Padri. Mmoja aliuliza swali, nikamchapa."

Jumanne, 20 Aprili

Ibadakuli. Baba mdogo ameniambia nina kichaa. "Wamemuua wa kwetu, na wewe ndiye uwapelekee ng'ombe? Aliyefiwa hupokea! Watoto watatucheka." Alisimama mlangoni mwa zizi na rungu. Nikamwambia anipige, na akishanipiga anipishe. Alinipiga moja la paja. Kisha akaketi chini akalia, na nikafungua zizi.

Nimemtumia Scolastika barua. Nimeandika kwamba mahari haipo na mimi pia sipo. Sikueleza zaidi, atasikia sokoni.

Alhamisi, 22 Aprili

Ngokolo. Nimewaswaga mwenyewe, nikichechemea. Watu walitoka nje kutazama, na Mzee Maduhu akanifuata nyuma.

Mbuke alikuwa anapepeta mtama uani. Ni mwanamke mfupi, ana paji la uso la Bujiku. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kisukuma kama mama. "Mwangaluka, mayu."

Hakuitikia. Aliwatazama ng'ombe wakiingia mpaka wa mwisho.

"Hawa ni wa nani?"

"Wa Ngassa. Nimechelewa."

"Na wa Bujiku?"

"Kwa Bujiku sina ng'ombe. Kesho nakwenda bomani Shinyanga kusema ni mimi niliyemuua. Watakalonifanya, ndilo hilo."

Ungo ulikuwa umesimama hewani mikononi mwake. Akauweka chini, akanijia, akanipiga usoni kwa kiganja, tena kwa kiganja, tena, akiita jina la mtoto kila pigo, Ngassa, Bujiku, Ngassa, Bujiku, mpaka pumzi ikamwishia. Pua ilitoka damu ikadondokea shati. Sikuinua mkono, nikajua jinsi Bujiku alivyosimama mbele yangu.

Alipopumua akasema, "Bujiku aliniletea habari za Mungu wenu. Alisema, mama, kule mfiwa ndiye anayelipa. Nikamwambia huyo mwalimu wako amechanganya." Akanitazama. "Wewe Nkwabi ni ndugu yako?"

"Tumbo moja."

"Basi umefiwa."

"Nimefiwa, mayu."

"Na umeleta."

"Nimeleta."

Aliingia ndani akakaa huko muda mrefu. Mzee Maduhu akakohoa. Nilidhani hatarudi. Akarudi na bakuli la maji, akaliweka mbele ya magoti yangu.

"Nawa," akasema. "Mimi bado."

Nikanawa peke yangu. Maji yakawa mekundu kwa ile damu ya pua. Nilitaka kuyamwaga, akanizuia kwa mkono. Akalichukua bakuli kama lilivyo, akalifunika kwa ungo, akaliweka kando ya mlango wake, ndani ya kizingiti.

Naandika haya nje ya ua wake, chini, kwa kuwa hakunifukuza. Nimegeuza daftari upande wa Padri. Mbele ya jina la Bujiku kulikuwa na nafasi tupu, nimeijaza: amebatizwa, tarehe 29 Machi, jina lake Filipo. Penye mbatizaji nimeandika jina langu lote, ili bomani wasipate taabu ya kulitafuta.